Mzee Ukungu na Gari Moja Lililorudi

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Mzee Ukungu atafunga droo ya meza yake, ataivuta kuhakikisha imefungika, ataivuta tena, kisha atakuwa mstaafu. Ameitumikia karakana hii miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo wamepita mameneja sita, na kila mmoja alipofika asubuhi ya kwanza alimkuta Mzee keshafika. Wawili kati yao walilichukulia jambo hilo kama dharau.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wake, "wewe uko mapokezi, una nafasi." Naishukuru kamati kwa kuiona nafasi hiyo. Mimi sijawahi kukutana nayo. Naandika saa ya chakula cha mchana, mtoto amelala kwenye kikapu chini ya meza, kwa hiyo mkiona mahali nimekata maneno, mjue ameamka.

Mzee alianza kazi kwa kufungua na kufunga boliti za magurudumu. Akahamia mabomba ya moshi, akakaa miaka tisa. Akahamia rejeta. Miaka kumi na tisa iliyopita yalianza kuingia hapa magari yenye turbo yanayonyunyiziwa maji, na meneja wa wakati huo akauliza mkutanoni nani anayaelewa. Mzee alikuwa amenyoosha mkono kuomba dirisha lifunguliwe. Ndivyo alivyopewa meza.

Kwa wenzetu wa ofisini, ambao mmekuwa mkitia saini kadi za kazi bila kujua mnasaini nini, nitaeleza kama nilivyoelezwa. Turbo ni feni inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Hewa ikisukumwa namna hiyo hupata joto, na joto likizidi, injini huanza kugonga, sauti kama ya misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Kwa hiyo baadhi ya magari hufungwa tangi dogo la maji kwenye buti, pampu, na mpira mwembamba unaoishia kwenye nozeli. Nozeli yenyewe ni kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na tundu lake sindano ya kushonea haipiti. Dereva akikanyaga mafuta, nozeli inanyunyiza maji kwenye njia ya hewa, hewa inapoa, na dereva anaendelea kujisifu. Tundu likianza kuziba, mnyunyizo unageuka matone, halafu hautoki kabisa, na injini inaungua taratibu huku dereva bado anajisifu.

"Ukungu," Mzee alikuwa akisema kwa kila mteja, akiwa ameinua kidole. "Nataka ukungu, sitaki matone." Alilisema mara nyingi mno hata jina lake halisi likapotea. Nimelitafuta kwenye faili la utumishi na nimelipata, lakini nikiliandika hapa mtauliza ni nani huyo.

Kazi ya kutunza nozeli, ukimsikiliza yeye, haina siri hata moja. Unaifungua. Unachomoa chujio lake. Unailoweka kwenye siki ya uvuguvugu mpaka weupe wote ulioganda uachie. Unaipuliza kwa upepo wa kompresa, kutoka nyuma kwenda mbele, si vinginevyo. Huingizi waya. Waya unalikwangua tundu, na tundu likishapanuka hakuna siki itakayolirudisha. Fundi mmoja wa injini, mtu mzima na heshima zake, aliwahi kuingiza waya. Mzee hakugombana naye. Aliuchukua ule waya, akaubandika ukutani na tarehe chini yake. Uko pale mpaka leo, na fundi yule akipita hapo hutazama upande wa pili.

Kisha kuna suala la maji. Kwenye tangi yanaingia maji ya betri peke yake, yale yasiyo na kitu ndani, kwa sababu maji mengine yote hubeba chokaa, na chokaa ndiyo inayoziba. Wateja hawakuamini. Mmoja alijaza maji ya kunywa ya bei kubwa, yale ya chupa ya kioo, akaja akitarajia kupongezwa. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Injini yako haina kiu, kaka. Ina homa." Mteja aliondoka amenuna. Akarudi baada ya miezi miwili na tangi limesafishwa, na salamu za mkewe.

Sasa niseme juu ya karatasi, maana kamati imeniagiza nisizisahau, na ni kamati hii hii iliyotaka zichomwe moto mwaka juzi ili ipatikane nafasi ya kabati.

Kila nozeli iliyotoka mezani kwake ilijaribiwa kwa namna moja. Mzee aliifunga kwenye kishikio, akaweka karatasi ya kaki shubiri moja mbele yake, akafungua maji, akahesabu hadi saba kwa sauti, akafunga. Kabla karatasi haijakauka alizungusha penseli kando ya umande ulioachwa. Duara likiwa pana na lenye umande sawasawa kote, nozeli ni nzima. Likiwa dogo, au lenye madoa ya matone, inarudi kwenye siki. Ndani ya duara aliandika namba ya gari na tarehe, akaitundika karatasi ikauke, akaiweka kwenye kasha. Makasha yako kumi na moja. Nimeyapitia kwa ajili ya wasifu huu, na kwenye kasha la kumi, katikati ya magari ya watu wazima, nimekuta karatasi yenye duara dogo kama sarafu. Imeandikwa: *Mtoto wa mapokezi. Chuchu ya chupa. Ilikuwa inamwaga, sasa inadondosha. Imepita.*

Nakumbuka siku hiyo. Mtoto alikuwa akipaliwa kila akinyonya, nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kulilia chuchu ya mpira mbele ya wateja. Mzee aliichukua bila kuuliza, akaenda nayo mezani, nikamsikia anahesabu hadi saba.

Juu ya meza yake kulikuwa na kibao. Alikichora mwenyewe kwa rangi nyeupe mwaka wa pili wa kazi ile: *Halijarudi gari hata moja.* Chini yake aliacha nafasi ya kuandika kwa chaki idadi ya miaka, na kila mwezi wa kwanza alipanda kigoda akafuta namba na kuandika nyingine. Maana ya kurudi alikuwa ameiweka yeye mwenyewe, na ilikuwa kali: gari lolote likiharibika nozeli ndani ya siku tisini baada ya kutoka mezani kwake, limerudi, hata kama mwenye gari ndiye mjinga. Mameneja waliwaleta wageni kukitazama kibao hicho. Mwaka huu namba ilikuwa kumi na tisa. Programu ya sherehe yetu ilishapigwa chapa, na kwenye jalada lake, chini ya picha yake, kulikuwa na maneno hayo hayo ya kibao. Kumbukeni jalada hilo. Nitalirudia.

Wiki saba zilizopita liliingia gari la daktari wa meno, likivutwa. Huyu ni mteja wetu wa miaka kumi na moja, anakaa juu mlimani, na kila jioni hupanda kule kwa kasi ambayo kwa mtu wa kazi yake haieleweki. Injini ilikuwa imegonga hadi gasketi ikapasuka. Nozeli ilipofunguliwa ilikuwa imeziba kabisa kwa weupe. Daktari aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akasema kwa sauti ile ya kumtisha mtu kitini, "Huu ni ugaga, kama ule unaoganda kwenye meno." Gari hilo lilikuwa limetoka mezani kwa Mzee siku thelathini na nne tu kabla ya hapo.

Meneja aliitisha kikao siku hiyo hiyo. Nilikuwepo kuandika kumbukumbu, kwa hiyo sisimulii ya kusikia. Alisema jambo liko wazi. Mzee hawezi kukosea, kibao kinasema hivyo. Kama Mzee hakukosea, basi maji yalichezewa kabla hayajamfikia, na ufunguo wa pipa la maji ya betri anao mtu mmoja, Shangazi wa Stoo. Kwa wageni wetu: Shangazi ndiye mtunza stoo wetu kwa miaka kumi na minne, mama wa makamo asiyepoteza hata nati. Aliulizwa kama aliongeza maji ya bomba kwenye pipa ili lionekane limejaa. Akajibu, "Ningetaka kuiba, ningeiba kitu chenye maana. Maji?" Kicheko kilianza na kufa. Meneja alisema ataandikiwa barua Jumatatu, na sote tulijua ni barua gani.

Mzee alikuwa amekaa pembeni. Alionekana mtu aliyeumizwa, na wote tuliona ana haki ya kuumia. Zilikuwa zimebaki wiki saba astaafu, na keki ilikuwa imeagizwa.

Hapa lazima nitaje kisima. Mwaka jana uongozi ulituchimbia kisima hapa uani, ukakata utepe, na Meneja akanywa kikombe cha kwanza mbele ya kamera. Aliendelea kutabasamu vizuri sana kwa mtu aliyekuwa akinywa maji yale. Ni maji magumu, sabuni haitoi povu. Mzee alikuwa wa kwanza kuonya kwamba yasikaribie tangi la gari lolote, na aliandika onyo hilo kwa mkono wake, akalibandika juu ya bomba.

Ijumaa kabla ya barua, alikuja mapokezi kuchukua kadi za kazi. Dirishani nilikuwa nimeanika chupa za mtoto, nimezisuuza kwa maji ya bomba na kuzipindua zikauke kwa jua. Zilikuwa na utando mweupe ndani, nami nilikuwa nazisugua upya huku nikinung'unika. Mzee akauliza, "Mwanangu, hizi ulizitilia nini?" Nikamwambia sikuzitilia kitu, nilizisuuza tu. Akauliza tena, pole pole, "Kusuuza tu?" Nikamwambia kusuuza tu, Mzee, kila siku, usafi ndio unaoniponza.

Aliweka kadi chini. Akaenda zake bila kadi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nilimfuata kwa sababu nilidhani anaumwa. Nilimkuta amesimama mezani, ameshika dumu lake. Ni dumu jeupe la lita kumi, analotumia kuchotea maji ya betri kutoka stoo na kujaza matangi ya wateja. Kila Jumamosi kabla ya kufunga kazi, kwa miaka yote hiyo, alilisuuza mara tatu kwa maji ya bomba, akalipindua juani, kwa sababu hawezi kwenda nyumbani akiacha chombo kichafu. Tangu mwaka jana bomba ni la kisima. Alimulika ndani kwa tochi ya simu. Kuta zote za dumu zilikuwa nyeupe, na alipolitikisa, unga ulidondoka kama poda ya mtoto.

Chupa ya siki ilikuwa mezani, upande wa mkono wake wa kulia. Nataka mlielewe hilo, ndiyo sababu nimekubali kuandika. Robo saa ya siki, na dumu lingekuwa jipya. Kibao kingebaki, jalada lingebaki, Meneja angeendelea kuamini alichokwisha amini. Mimi nilikuwa mlangoni na yeye hakujua nipo. Alisimama pale muda ambao ungetosha kuhesabu hadi saba mara nyingi.

Kisha akairudisha siki rafuni, akakaza kifuniko, akatoa kasha la kumi na moja na kuanza kutafuta karatasi za gari la daktari.

Aliingia ofisini kwa Meneja na dumu mkono mmoja na karatasi mkono mwingine, na akaomba Shangazi wa Stoo aitwe kwanza ndipo aseme. Akazipanga karatasi mezani, sita, kuanzia mwezi wa kisima. Duara la kwanza lilikuwa pana kama sahani ya kikombe. La pili limepungua. La sita lilikuwa nusu. Na kwenye kila moja kati ya tatu za mwisho, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika: *Karatasi mbovu, inanyonya vibaya.* Miezi sita alikuwa ameilaumu karatasi. Shahidi wake mwenyewe alikuwa akimwambia kila mara, naye akamwandikia onyo.

"Si stoo," alisema. "Ni mimi. Nimekuwa nikiwatilia chokaa kwa mkono wangu, kila Jumamosi, mara tatu."

Meneja alijaribu kumwokoa. Alisema hilo si kosa, ni usafi. Alisema kisima ndicho kilichokosea, kisha akakumbuka kisima ni cha nani. Mwisho akasema jambo hili linaweza kubaki humu ndani, Shangazi hatapata barua, Mzee atapata keki, na kila mtu atakuwa na furaha. Mzee alijibu kwamba Shangazi alishutumiwa mbele ya watu kumi na wawili, kwa hiyo atasafishwa mbele ya watu kumi na wawili. Walihesabiwa. Fundi wa betri alikuwa ameshakwenda likizo, akasubiriwa hadi Jumanne.

Shangazi alimsikiliza siku hiyo akiwa amekunja mikono. Hakumwambia amesamehe. Siku nne hakumsalimia, akimpa maji kwa kulisukuma dumu kwa mguu. Siku ya tano alimletea chai na kuiweka mezani kwa kishindo. "Mzee," alisema, "wewe hata ukikosea unakosea kwa usafi." Nadhani huo ndio msamaha, sijui, stoo wana lugha yao.

Wiki zilizofuata, ambazo mtu mwingine angezitumia kuaga, Mzee alizitumia kuharibu jina lake. Magari yaliyojazwa maji kutoka dumu lile tangu mwaka jana yalikuwa thelathini na nane, na moja ndilo lililokwisha kurudi lenyewe. Akataka yote thelathini na saba yaitwe. Kupiga simu ni kazi yangu. Nilimpendekezea tuseme tunaboresha huduma. Akasema hapana, na akaniandikia cha kusema kwenye kipande cha kaki: *Tulikutilia uchafu. Njoo tuutoe.* Nimeyasoma maneno hayo kwenye simu mara thelathini na saba, mengine nikiwa na mtoto begani. Wateja wawili walinitukana. Mmoja aliuliza kama ni utani. Waliobaki waliuliza waje saa ngapi.

Wote walikuja. Mzee aliyafungua matangi, akayaosha, akaziloweka nozeli, akahesabu hadi saba. Za magari ishirini na tisa zilikuwa zimeanza kuziba. Hakuna injini nyingine iliyokufa, na daktari wa meno, ambaye gari lake Mzee alilitengeneza akitumia siku zake za likizo, alipokuja kulichukua aliomba karatasi ya mwisho akaitie kwenye fremu katika chumba cha wagonjwa wake. Anasema inawafundisha kupiga mswaki.

Kibao nacho. Alipanda kigoda mwenyewe, na magoti yake yale yanayouma, akafuta. Meneja alimwomba angalau asubiri sherehe ipite. Alimwomba pia akumbuke kwamba magari yaliyoitwa hayahesabiki kuwa yamerudi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana hii nilimsikia Meneja akitetea fasili ya neno. Mzee alikubaliana naye. Kwa hiyo sasa kibao kinasema: *Limerudi moja. Thelathini na saba nimeyaita mwenyewe.* Tulilazimika kupiga chapa jalada upya. Lile la zamani limekatwa vipande, mtaona tumelifungia keki.

Mzee Ukungu, mafundi wawili uliowafundisha wameirithi meza, na waya wa ukutani, na makasha kumi na moja ambayo kamati imepitisha kwa kauli moja yasichomwe. Maji ya betri sasa yanachotwa na Shangazi peke yake, kwa chombo kisichotoka stoo. Wageni bado wanaletwa kukiona kibao. Zamani walikitazama, wakatikisa kichwa na kupita. Siku hizi wanasimama, wanakisoma mara mbili, wananiuliza mimi mapokezi ni nani huyo, na wengine kati yao wanarudi na magari yao.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne, na kwa wiki saba za mwisho tunakushukuru kwa namna ya pekee. Mtoto wa mapokezi ana meno manne na hapaliwi. Tunakuombea asubuhi ndefu ambazo hakuna mtu wa kumtangulia kazini, viti vinavyoonea magoti yako huruma, na mvua nyepesi za ukungu, bila matone.

Zawadi yako iko chini ya meza kuu. Shangazi ameinunua, ameifunga, na ameikalia zamu tangu asubuhi ili asiikaribie mtu. Ni dumu jeupe la lita kumi. Halijasuuzwa.